Nani Aliyeikosea Ramani?

Wanafunzi wenzangu, hapa Nyakabanda wako wanaodhani kwamba ramani za kwanza za nchi zetu za maziwa zilijaa makosa kwa sababu wazee wa zamani hawakuzijua nchi zao. Neno hili nimelisikia mara nyingi, na mimi silikubali hata kidogo.

Itazameni ramani iliyotolewa mwaka 1856 na wamisionari Erhardt na Rebmann. Wao walikaa upande wa pwani, Tanga na Rabai, na maziwa yenyewe hawakuyaona. Basi wakafanya jambo la busara: wakawauliza watu wa misafara, Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi, waliokwenda bara kwa miguu kutafuta pembe. Aliyepita njia ya kusini alisema kuwa mwisho wa safari yake ni ziwa. Wa njia ya Ujiji naye akasema ziwa, na wa kaskazini vile vile. Wote walisema kweli, maana la kwanza ni Nyasa, la pili Tanganyika, na la tatu ni Nyanza, ambalo sasa laitwa Victoria. Lakini wachoraji waliyaunganisha yote wakachora ziwa moja, refu na nene kama koa! Je, kosa hilo ni la nani?

Mwaka uliofuata Burton na Speke walifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Speke akaifungua ramani ile mbele ya Snay bin Amir, tajiri Mwarabu wa hapo, akamwuliza habari zake. Yule bwana akaeleza kwamba Nyasa ni mbali na ziwa la Ujiji, na kwamba kaskazini liko jingine kubwa zaidi. Speke alipofuata maneno hayo, tarehe 3 Agosti 1858 akaiona Nyanza. Leo mtoto wa shule akiulizwa, humtaja Speke tu.

Kwetu Rwanda mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wale wamisionari angalau waliuliza. Mwaka 1885 mpaka wa Dola Huru ya Kongo ulipigwa kwa rula, mstari ulionyoka toka ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, ukaipasua nchi ya mwami juu ya karatasi. Kivu yote, pamoja na Gisenyi, ingekuwa Kongo. Götzen alifika Kivu mwaka 1894, yaani miaka 9 baadaye. Na mlima Mfumbiro, ambao Speke aliuona kwa mbali mwaka 1861, waliandikiwa Waingereza katika mkataba wa 1890 kabla haujajulikana hasa uko wapi. (Hata mnunuzi wa mbuzi humshika kwanza mbavu.) Mabishano yakaendelea mpaka Brussels, tarehe 14 Mei 1910, ndipo Gisenyi ikabaki huku na kisiwa cha Ijwi kikaenda Kongo. Wenyeji hawakuitwa mkutanoni.

Kwa hiyo naomba walimu wetu wa jiografia wamtaje Snay bin Amir siku ile ile wanapomtaja Speke. Tena watupe karatasi tupu tuchore vichochoro vyote vya Nyakabanda. Mimi wa kwanza kumwuliza nitakuwa yule mama anayezungusha ndizi kichwani, maana yeye hupita kila mlango.