Majina na Maana Zake: Nekesa na Epafrodito

Huko Bungoma, na Kitale pia ambako Wabukusu wengi hulima, jina la mtoto mara nyingi hueleza majira aliyozaliwa. Nekesa ni msichana wa wakati wa mavuno. Wafula na Nafula ni wa mvua. Wanyonyi ni wa palizi. Nanjala alizaliwa wakati wa njaa. Wengine huitwa hivyo kwa kuwakumbuka marehemu wa ukoo, na hapo ndipo walimu wengi wa misheni walipoingiwa na shaka. Zamani mtoto alipobatizwa, jina lake liliwekwa kando kuwa ni la kishenzi, akapewa jingine kutoka Biblia au Ulaya.

Yafaa kuyachungua hayo mengine. Afrodite alikuwa mungu wa kike wa Wayunani, mwenye kusimamia mapenzi na uzuri. Hesiodo, mshairi wao wa kale, alilifasiri jina lake kwa neno la povu, akasema kuwa alizaliwa katika povu la bahari. Wataalamu wa siku hizi hawasadiki sana tafsiri hiyo. Wengi huona kuwa ibada yake ilitoka mashariki, kwa yule Ashtorethi ambaye Kitabu cha Wafalme chamlaumu Sulemani kwa kumfuata. Warumi walimwita Venus. Kwa jina hilo Wafaransa huiita Ijumaa vendredi, na waganga wa Ulaya wakayaita magonjwa ya zinaa (sifa mbaya kwa mungu wa uzuri!). Ndilo pia jina la ile sayari ing'aayo kabla ya mapambazuko, ambayo Waswahili huiita Zuhura. Na Zuhura, tokea Mombasa hadi Kitale, ni jina la heshima miongoni mwa Waislamu. Hakuna adhaniaye kuwa wazazi wa msichana huyo huabudu nyota.

Lakini ushahidi mkubwa umo katika Waraka kwa Wafilipi, sura ya 2. Epafrodito, maana yake ni mtu wa Afrodite, mwenye kupendwa naye. Huyo ndiye aliyempelekea Paulo msaada kifungoni, akaugua karibu kufa kwa ajili ya kazi hiyo. Paulo alimsifu mno na kuagiza apokewe kwa furaha. Hakumbadilisha jina. Hata Apolo, mhubiri hodari kutoka Aleksandria, jina lake latokana na mungu mwingine wa Wayunani, naye aliachwa nalo.

Nekesa hakuitwa kwa mungu yeyote. Jina lake lasema tu kwamba mama yake alipojifungua, wimbi lilikuwa likivunwa.