Kabla ya kupamba rafu, angalia nani yuko chini yake

Chukulia familia ya baba, mama na watoto wawili waliopanga chumba na sebule. Kochi limekaa upande mmoja, meza ya televisheni upande mwingine, ndoo za maji ziko nyuma ya mlango, na madaftari ya watoto yamerundikwa juu ya friji. Sakafu imejaa. Kilichobaki wazi ni ukuta.

Ndiyo maana rafu za ukutani zisizo na miguu zinapendwa na familia za mjini. Ubao unaonekana kama umejishika wenyewe, hauchukui nafasi ya chini na haumsumbui anayefagia. Vikipangwa juu yake vitabu vichache, picha za familia na kopo la maua, sebule ndogo inabadilika sura.

Baba anamwita fundi. Mama anauliza, "Fundi, hii itabeba vyombo vyangu?" Fundi anajibu huku akiendelea kutoboa, "Usijali mama, itabeba tu." Baada ya saa moja rafu iko juu, imenyooka, inapendeza. 

Siku chache baadaye mtoto wa miaka mitatu anapanda juu ya kochi. Anakifuata kigari chake kilichowekwa pale juu ili asikivunje. Mkono haufiki, anashika ukingo wa rafu na kuning'inia.

Kitakachotokea hapo kiliamuliwa siku ile fundi alipokuja. Kilitegemea aina ya ukuta, urefu wa skrubu na mahali rafu ilipowekwa, mambo ambayo mara nyingi hayaulizwi kwa sababu mazungumzo yote huishia kwenye rangi na bei.

Uzito unaelekea wapi?

Kabati lenye miguu hupeleka uzito wake sakafuni. Rafu isiyo na miguu huupeleka wote ukutani, kupitia vyuma vichache vilivyofichwa ndani au nyuma ya ubao.

Mzazi anaweza kujaribu mwenyewe. Ashike chupa ya maji ya lita 1 karibu na kifua, kisha anyooshe mkono mbele. Chupa ni ileile, lakini sasa bega linauma baada ya muda mfupi. Skrubu nazo ndivyo zinavyolemewa. Kitu kikiwekwa karibu na ukuta hazivutwi sana, kikiwekwa ukingoni huvutwa zaidi. Mtoto anayening'inia hushika ukingo, mahali penye mvuto mkubwa kuliko pote.

Kwa hiyo rafu nyembamba ni salama kuliko pana. Upana wa sentimita 15 hadi 20 unatosha picha, vikombe, redio ndogo na vitabu vya hadithi. Anayetaka sentimita 40 ili aweke masufuria atafute rafu yenye vyuma vya pembe vinavyoonekana chini yake, au kabati la kusimama.

Jikoni ndiko watu hujidanganya zaidi. Unga kilo 5, mchele kilo 3, sukari kilo 2 na dumu la mafuta la lita 3 ni zaidi ya kilo 12 tayari, kabla ya kuhesabu makopo, chupa na uzito wa ubao wenyewe. Vitu hivyo vikae chini. Rafu ya juu ibebe viungo, majani ya chai na vikombe.

Maswali ya kumuuliza fundi

La kwanza ni ukuta. Tofali la saruji lililo imara hushika skrubu vizuri. Tofali lenye matundu ndani, tofali la udongo lisilochomwa na bodi ya jipsamu havishiki namna hiyo, na vinahitaji vifaa vyake maalumu. Fundi akigonga ukuta ukasikika kama debe tupu, au drili ikitoa vumbi laini na tundu likaendelea kupanuka, hapo hapafai.

La pili ni urefu wa skrubu. Plasta peke yake haibebi rafu. Skrubu fupi huishia kwenye plasta au kuligusa tofali kidogo tu, na siku ya kung'oka hutoka na kipande cha ukuta. Skrubu ya sentimita 6 au zaidi, ikiingia kwenye fisha, kile kiplastiki kinachotangulia kwenye tundu, hushika tofali lenyewe. Misumari si mbadala wake.

La tatu ni nyaya na mabomba. Nyaya za umeme mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi. Kutoboa juu au chini yake moja kwa moja ni kucheza na uhai wa fundi na wa familia. Kwenye ukuta wa bafu au wa sinki, bomba linaweza kuwa ndani.

La nne ni ubao. MDF na chipbodi ni rahisi na huvutia zikipakwa rangi, lakini zikipata maji huvimba na kulegeza skrubu. Karibu na sinki au bafuni, mbao halisi iliyopakwa vanishi hudumu zaidi. Ubao mrefu nao hupinda katikati kadiri siku zinavyokwenda, hivyo rafu mbili fupi ni bora kuliko moja ndefu.

Familia iliyopanga iongeze swali la tano, kwa mwenye nyumba. Ruhusa iombwe kabla ya kutoboa, na makubaliano yawepo kuhusu nani ataziba matundu siku ya kuhama.

Mahali pa kukwepa

Rafu isiwekwe juu ya kitanda, hasa kitanda cha mtoto, hata kama ni kwa ajili ya picha tu. Isiwekwe juu ya kochi pia, kwa kuwa kochi kwa mtoto ni ngazi. Juu ya jiko ni hatari, kwa kuwa anayefuata chumvi hupitisha mkono na nguo juu ya moto.

Pembe ya rafu isilingane na paji la uso la mtoto anayekimbia ndani ya nyumba. Mzazi apige magoti mpaka macho yake yawe usawa wa macho ya mtoto, azunguke chumba, ataona pembe ambazo akiwa amesimama hazioni. Na kwa kuwa watoto wanakua, rafu iliyokuwa juu ya kichwa mwaka jana inaweza kuwa usawa wa jicho mwaka huu.

Dawa, sumu ya panya, dawa ya kuua wadudu na mafuta ya taa visipangwe kwenye rafu ya wazi, hata ikiwa juu kiasi gani. Mtoto huona rangi ya kopo, kisha hutafuta kiti. Vitu hivyo ni vya kufungiwa kwa ufunguo.

Mpe mtoto rafu yake

Katika mfano ule wa mwanzo, mtoto hakupanda kochi kwa ukorofi. Alifuata kitu chake. Kigari, daftari la kuchorea au pipi ikiwekwa juu ambapo anaiona lakini haifikii, amepewa sababu ya kupanda.

Dawa yake ni kumpa rafu yake mwenyewe chini, isiyozidi kifua chake, yenye pembe zilizosagwa zikawa mviringo na iliyofungwa kwa nguvu kuliko zote, maana siku moja ataikalia. Hapo viwekwe vitabu na vitu vyake vya kuchezea. Faida yake si usalama tu. Mtoto anayejua kitabu chake kinakaa wapi hukichukua mwenyewe, na akifundishwa hukirudisha mwenyewe. Rafu za juu zibaki na vitu visivyomvutia, kama picha, saa na maua.

Anayeamua kununua rafu ya kusimama badala ya kutoboa ukuta asidhani ameepuka kila kitu. Nayo huangukia watoto wakiipanda. Vitu vizito vikae chini kabisa, na sehemu ya juu ifungwe ukutani kwa kipande cha chuma.

Wazee wa pwani walijua

Kuhifadhi vitu ukutani si mtindo mpya. Katika nyumba za mawe za Lamu, kuta nene za matumbawe ziliachwa na zidaka, vijumba vidogo vilivyopambwa kwa plasta ya chokaa, ambamo vyombo vya kaure kutoka China viliwekwa vionekane. Kidaka kimo ndani ya ukuta wenyewe, hivyo hakina skrubu ya kulegea wala ukingo unaotokeza wa kuning'inia.

Rafu ya leo haina bahati hiyo. Inahitaji macho. Mara moja kila mwezi, mzazi aondoe vitu, aifute vumbi, kisha aikandamize ukingoni kwa mkono. Ikicheza, ikiwa imeinama mbele, au ukuta ukionyesha mstari mwembamba wa ufa pembeni ya skrubu, ishushwe siku hiyo hiyo na fundi aitwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na katika hili ukuta si gharama kubwa kuliko zote.

Leo jioni, kabla watoto hawajalala, simama mbele ya kila rafu uliyonayo. Usianze kuangalia kilicho juu yake. Angalia nani hulala, hukaa au hucheza chini yake.