Mzigo wa ushahidi usibebeshwe mgonjwa

Aliyekutuma vitani ndiye mwenye faili lako. Mbona basi wewe mgonjwa ndiye uambiwe ulete ushahidi?

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani iliunda zaidi ya meli 1,000 za LST, zile za kushusha vifaru ufuoni. Nyingine zilitumika hadi Vietnam. Mabomba yake ya moto yalifungwa kwa asbesto kuzuia joto, na mabaharia walifanya kazi na kulala humo humo. Vumbi lile halionekani kwa macho. Saratani yake, mesotelioma, huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Umeingia kijana, unaugua ukiwa mzee.

Kuishtaki serikali? Mahakama ya Juu ya Marekani ilifunga mlango huo mwaka 1950 katika kesi ya Feres. Imebaki fidia ya ulemavu, na hapo lazima uonyeshe kwamba ulikutana na asbesto jeshini, na daktari aseme ndiyo iliyokuuguza.

Mwaka 2022 sheria ya PACT iliwapunguzia mzigo huo askari waliovuta moshi wa taka zilizochomwa Iraq na Afghanistan: kwa saratani kadhaa, serikali yenyewe inakubali zilitokana na kazi. Vizuri sana. Lakini baharia wa asbesto bado anahangaika na karatasi za miaka 50 nyuma.

Vijana, kama iliwezekana kwa moshi, kwa asbesto inashindikana nini? Mwenye rekodi ndiye athibitishe. Kumchelewesha mgonjwa wa saratani ni kumnyima.