Mvumilivu Hula Mbivu, Lakini Nani Aliyepanda Mti?



Umekwisha kujifunza methali isemayo kwamba mvumilivu hula mbivu. Ni methali njema, nami mwenyewe huifundisha. Leo nataka kupinga namna inavyotumiwa, hasa inapoelekezwa kwa mtoto wa maskini anayetamani kuwa msanii.

Mfikirie kijana anayetaka kuandika miswada ya filamu. Amezaliwa Mafubira, kandokando ya mji wa Jinja. Utotoni alijipenyeza katika kibanda cha video, akasikiliza filamu za kigeni zikisimuliwa kwa Kiganda na yule mwenye kipaza sauti tunayemwita VJ. Usiku aliwasimulia wadogo zake filamu hizo kwa Kisoga, akibadilisha mwisho uliomchukiza. Huo ndio uliokuwa uandishi wake wa kwanza.

Shule ya msingi ilimpokea, kwa kuwa serikali ilianzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997; mpango wa sekondari ukafuata 2007. Hata hivyo, madaftari, sare na chakula cha mchana havikukoma kudai fedha. Baba akifariki au mama akiugua, mashamba ya miwa ya Busoga yako karibu, wala hakuna anayemwuliza mkata miwa cheti cha shule. Tuseme ameyashinda hayo yote, akamaliza kidato cha sita. Chuo Kikuu cha Makerere kina idara ya sanaa za maonyesho na filamu, na Kampala ni mwendo wa kilomita 80 hivi tu. Umbali haumzuii. Kinachomzuia ni ada. Hapo ndipo wakubwa humwekea mkono begani na kumwambia: vumilia, mwanangu.

Wapo watakaonijibu kwa kumtaja Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala. Watasema: mbona yeye alifyatua matofali ili apate fedha, akaunda kompyuta kwa vipuri vilivyotumika, na filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, ikajulikana duniani kote, ingawa inasemekana iligharimu chini ya dola 200 za Marekani? Ni kweli, na ninamheshimu sana. Lakini wanaosimulia habari hiyo huacha sehemu moja. Ili apate nafasi ya kutengenezea filamu iliyofuata, Nabwana alilazimika kuifuta ile ya kwanza kutoka kwenye kompyuta yake. Nakala bora ilipotea milele. Ile tunayoitazama leo imetokana na DVD yenye picha hafifu.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Je, umaskini ulimfundisha sanaa? La. Kipaji na bidii vilikuwa vyake. Umaskini ulimfutia kazi yake. Basi tusiusifu kana kwamba ni mwalimu. Kwa kila mmoja tunayemshangilia kwa kuvuka mto, wapo waliozama, nao hawana wa kuwasimulia.

Tena uvumilivu huu unaohubiriwa una chanzo. Sheria ya ufadhili wa wanafunzi wa elimu ya juu ilipitishwa mwaka 2014, na mikopo yake imeelekezwa hasa kwenye kozi za sayansi na teknolojia. Mwaka 2022, serikali ilipopandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, walimu wa sanaa waliachwa nyuma sana, wakagoma mwezi Juni. Mwezi uliofuata, Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Zingatia kwamba mwalimu wa Kiswahili huhesabiwa upande wa sanaa. Somo lake linafanywa la lazima, na jasho lake linaonekana la ziada!

Nitaambiwa kwamba nchi yenye fedha chache huanza na madaktari na wahandisi. Sipingi kwamba tunawahitaji. Mama yule aliyeugua anamhitaji daktari kuliko filamu. Ninachopinga ni kuwaachia wenye mali peke yao kazi ya kulisimulia taifa. Mwaka 2016 ilitoka filamu ya Queen of Katwe, juu ya Phiona Mutesi, msichana wa Kampala aliyeng'ara katika mchezo wa sataranji. Mswada wake uliandikwa na Mmarekani, William Wheeler. Simlaumu hata kidogo. Filamu ile ni nzuri. Lakini binti wa Katwe alipohitaji mtu wa kumwandikia maisha yake, kalamu ilitoka ng'ambo ya bahari. Je, hapakuwa na kijana wa Mafubira, wa Mbale au wa Tororo ambaye angeijua njaa ile bila kuuliza maswali? Huenda alikuwapo. Huenda wakati ule alikuwa shambani akikata miwa.

Wala usidhani kwamba filamu humlisha mwandishi peke yake. Waulize seremala, mshona nguo, fundi umeme, mpishi na dereva: kila mmoja hupata ujira pale filamu inapopigwa.

Sasa tazama neno moja ambalo umelikutana nalo mara kadhaa hapa: mswada. Lina maana zaidi ya moja. Mswada ni andiko la mwandishi kabla halijachapishwa au kuigizwa. Mswada pia ni pendekezo la sheria linalopelekwa bungeni. Mswada wa kwanza huandikwa na kijana mwenyewe, naye amekwisha kuuanza katika daftari la shule. Wa pili ni wajibu wetu sote. Sheria ya 2014 iliandikwa na watu, na watu wanaweza kuirekebisha ili mwanafunzi wa sanaa naye aruhusiwe kukopa, asome, kisha alipe kama wenzake.

Kwa hiyo, mgombea ubunge atakapofika kijijini kwenu, simama na umwulize kwa Kiswahili fasaha: mheshimiwa, mtoto wetu anayeandika atakopa wapi? Akikujibu kwamba mvumilivu hula mbivu, mwulize ni nani aliyeupanda mti huo, na uko wapi.