Kiti cha alto kiko wazi

MTAA KWA MTAA
Na Neema Mollel

Jumamosi yoyote hapa Dar es Salaam utakutana nao barabarani: pikapu imetangulia, vijana wamekaa ukingoni mwa bodi na matarumbeta mdomoni, nyuma yao msafara wa magari yenye maua, na mpiga video katoa nusu ya mwili dirishani. Sina ugomvi na vijana hao. Wanapandisha Kimara bila kukata pumzi, na hela yao wanaitolea jasho. Kinachonikera ni kwamba siku hizi tumewaachia wao peke yao. Mtu wa makamo akisema anajifunza tarumbeta, swali la kwanza analoulizwa ni: “Mnakodishwa shilingi ngapi?”

Nilijiunga na kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu wakati wanangu wanakaribia kunipita urefu. Hakuna aliyeniuliza habari ya kipaji. Mwalimu alinitaka kwanza nibane midomo na kuitetemesha hewani, kama mtoto anayeigiza pikipiki, ndipo akafungua kabati. Tarumbeta lina bomba la karibu mita moja na nusu lililokunjwa, na vitufe vitatu tu. Vitufe hivyo hubadilisha urefu wa bomba kwa namna saba. Sauti nyingine zote unazitafuta kwa midomo na pumzi. Kwa hiyo mzee wa miaka hamsini na kijana wa kumi na tano huanza na kazi ileile, na kijana hamshindi mzee haraka kama anavyodhani. Midomo ni misuli. Robo saa kila jioni itakufikisha mbali kuliko saa tatu za Jumamosi moja. Majirani watavumilia, si wameshavumilia baa?

Wanaosema mambo haya ni ya wataalamu wanasahau yalivyoingia kwetu. Wamisionari wa Kijerumani, Walutheri na Wamoravian, walikuja na kwaya za matarumbeta za makanisa yao, ambazo tangu mwanzo zilikuwa za wakulima, mafundi na walimu. Kwao mpulizaji husoma nota zilezile za kitabu cha nyimbo anazosoma mwimbaji: soprano, alto, tenor, besi. Hakuna haja ya kumwandikia mtu karatasi yake. Wamoravian hupiga hata makaburini alfajiri ya Pasaka, na hapo hakuna anayedai malipo.

Pwani nako kulikuwa na ngoma ya beni. Ilianza Lamu na Mombasa miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, na kufikia mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza vikundi vya Marini na Arinoti vilikuwa vimeenea Tanganyika. Wapigaji na wachezaji walikuwa makarani, askari na vibarua, watu wenye kazi nyingine mchana, wakijipa vyeo vya kifalme na kushindana kwa mavazi na gwaride mpaka mji ukagawanyika. Fujo zilikuwepo, sikatai. Lakini hakuna aliyeona ajabu karani kushika tarumbeta.

Kenya, Jeshi la Wokovu liliingia mwaka 1921 na mtindo wa bendi za Kiingereza. Mtindo ule una ujanja mmoja ninaoupenda: vyombo karibu vyote, kuanzia koneti mpaka tuba, huandikiwa nota kwa namna moja na kubonyezwa kwa namna moja. Mpiga besi akisafiri, mwenye koneti anaweza kuhamia kiti chake bila kuanza shule upya. Bendi iliyopangwa hivyo inajua kwamba watu wake wana zamu kazini, wana misiba, wana watoto wanaougua.

Harusi ndizo zinazoharibu mpango huo. Kikundi kikianza kuishi kwa kukodishwa, kila mtu anataka sauti ya kwanza, maana ndiyo inayosikika juu ya honi na ndiyo inayotuzwa. Alto inabaki bila mtu. Anayejifunza anaambiwa asubiri, na chombo ambacho angejifunzia kinakaa kabatini mpaka vitufe vinakwama kwa kukosa mafuta. Vyombo vingi vya sharika zetu ni msaada wa marafiki wa ng’ambo, vilivyoletwa ili vipigwe. Ningekuwa na sauti kwenye kamati, ningedai jioni moja kwa wiki isiyopangiwa mkodishaji yeyote, na ufunguo wa kabati ukae kwa mtu anayefika mapema. Na ningedai akina mama waalikwe kwa kutajwa, maana bado tunachukuliwa kwamba kazi yetu ni kupigiwa na kucheza.

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia wanaojifunza wataharibu ibada. Namheshimu, ila sikubaliani naye. Mpe mwanafunzi alto ya wimbo ambao usharika mzima unaujua. Nota zake ni chache na hazirukiruki, soprano iko juu yake, besi iko chini yake, na mbele yake kuna watu mia tatu wanaoimba kwa nguvu zote huku wakimtangulia mpiga kinanda. Atakayelisikia kosa lake ni aliyeketi kiti cha jirani, na huyo naye alianzia palepale.