Mwanya, Pengo na Bei ya Kunyoosha Meno

Katika kitivo chetu tunafundishwa mapema kwamba hakuna lugha mbovu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiandika kwamba Kiswahili cha Lubumbashi ni "Kiswahili kilichovunjika", mhadhiri humwuliza: kimevunjika ukilinganisha na kipi, na nani aliyekipima? Ningependa tuulize swali hilohilo kuhusu meno. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikipima kama nilipe ili meno yangu yanyooshwe. Nina miaka ishirini na minne. Sababu ninazopewa, tena na wenzangu wanaosoma lugha, ni sababu ambazo tungezikataa kama zingeandikwa katika kazi ya darasani.

Nianze na hali yenyewe. Chonge zangu mbili za juu zimetoka nje ya safu. Meno ya mbele ya chini yamebanana, na moja limegeuka ubavu. Natafuna bila shida na siumwi. Daktari wa meno niliyemwendea aliniambia kwamba vyuma, pamoja na kuvikaza kila mwezi kwa muda wa miaka miwili hivi, vitagharimu dola 1,400, nazo naweza kuzilipa kidogo kidogo. Mimi nina dola 1,100, nilizokusanya kwa kutafsiri matangazo kutoka Kifaransa na kwa kufundisha watoto nyumbani kwao. Fedha hizo ndizo nilizokusudia zinipeleke Bunkeya kuwarekodi wazee wanaosema Kisanga, kwa ajili ya tasnifu yangu. Haziwezi kufanya kazi zote mbili.

Sababu ya kwanza ninayopewa ni matamshi: nikinyoosha meno nitasema vizuri zaidi. Ni kweli meno ni ala za usemi. Sauti [f] na [v] hutolewa kwa meno ya juu kugusa mdomo wa chini. Mwaka 1985 Charles Hockett alitoa hoja kwamba sauti hizo zilienea baada ya watu kuanza kula vyakula laini, kwa kuwa meno ya juu yalibaki yametangulia yale ya chini hata ukubwani. Mwaka 2019 Damián Blasi na wenzake waliifufua hoja hiyo katika jarida la Science. Lakini hoja hiyo inahusu vizazi na vizazi vya wasemaji, haihusu chonge za mtu mmoja. Kilingala kinasema mbula na Kiswahili kinasema mvua. Je, Mswahili ana meno tofauti na ya jirani yake wa Kinshasa? Tofauti hiyo imetokana na historia ya sauti za Kibantu. Vivyo hivyo, sisi wa Lubumbashi tunasema zahabu mahali pa dhahabu, na hakuna chuma cha daktari kitakachotupa [ð].

Zipo kasoro za taya zinazoharibu sauti kweli, kwa mfano meno ya mbele ya juu na ya chini yasipokutana kabisa, [s] ikatoka na upepo mwingi. Mwenye hali hiyo ana haja ya tiba. Kwa wengine wengi ulimi hujizoeza tangu utotoni kufanya kazi katika kinywa ulichokikuta. Tunapoandaliwa kwenda nyanjani tunashauriwa tutafute msemaji ambaye bado ana meno ya mbele. Hatuambiwi tutafute mwenye meno yaliyopangwa kama funguo za kinanda.

Sababu ya pili ni uzuri. Hii ninaiheshimu zaidi, kwa sababu haijifichi nyuma ya sayansi. Lakini hapa Kiswahili chenyewe kina la kutufundisha. Kina maneno mawili ya nafasi kati ya meno. Nafasi ambayo mtu amejaliwa nayo kati ya meno mawili ya mbele ni mwanya, na mwenye mwanya husifiwa. Nafasi iliyoachwa na jino lililong'oka ni pengo, na pengo ni hasara, kiasi kwamba tunalitumia hata kwa marehemu: ameacha pengo. Asiye na meno kabisa ni kibogoyo, na neno hilo limewekwa katika ngeli moja na kipofu, kiziwi na kiwete. Ukiangalia kwa jicho tu, mwanya na pengo ni uwazi katika safu ya meno. Lugha haikuutazama uwazi, ilitazama kama mtu amepoteza kitu.

Sasa, meno yangu yaliyopandana yanaitwaje? Sijui nomino moja inayoyataja peke yake kama mwanya unavyotajwa. Nayaeleza kwa kitenzi tu: yamepandana, yamebanana. Aibu yake imeletwa na kitenzi kingine, kunyoosha. Ukisema unanyoosha kitu umeshakubali kwamba kimepinda, na kilichopinda kina lawama. Hukumu imepita kabla ya mashtaka kusomwa. Tena katika picha za matangazo ya meno, mwanya nao hufungwa. Kile ambacho bibi zetu walikiita uzuri kimeingizwa katika orodha ya matengenezo.

Nchi yetu ina habari moja inayotufaa hapa. Ota Benga, kijana wa Kimbuti, alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa yakawa na ncha, kama ilivyokuwa desturi ya urembo kwa watu wengi wa msitu wa Kongo. Mwaka 1904 alipelekwa kuonyeshwa katika maonyesho ya St. Louis, Marekani, na mwaka 1906 akawekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Meno yaleyale yaliyokuwa urembo kwao yalifanywa huko kuwa ushahidi wa ushenzi. Baadaye, alipokuwa Lynchburg, Virginia, meno yake yalifunikwa ili afanane na wenyeji. Alijiua mwezi wa Machi 1916. Sisemi kwamba meno ndiyo yaliyomwua, wala silinganishi mateso yake na vyuma vya hiari. Nasema tu kwamba katika habari yake tunaona waziwazi jinsi kipimo cha jino zuri kinavyobadilika mwenye kipimo anapobadilika.

Sababu ya tatu ni kazi, na hii ndiyo iliyokaribia kunishinda. Mama yangu mdogo aliniuliza: "Mwana, utafundisha bantu na ile meno?" Hakuniuliza kwa dharau. Anajua kwamba aajiriye huanza kuangalia uso kabla hajasoma diploma. Tukisema hilo halipo tutakuwa tunajidanganya.

Lakini sisi tunaujua mfano wake. Kiunguja kilipochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja nyingine hazikuugua. Kilichaguliwa kipimo cha shule na vitabu. Mimi nimejifunza sanifu kwa sababu ina faida, na ndiyo ninayoiandika hapa, bila kuamini kwamba nyumbani tunasema ugonjwa. Mtu anaweza kunyoosha meno kwa moyo huohuo: ananunua kitu chenye faida sokoni, hatibiwi. Ila kuna tofauti moja. Sanifu niliiongeza juu ya nilichokuwa nacho, na jioni narudi kwenye Kiswahili cha kwetu. Meno hayana lahaja mbili.

Kisha kuna mambo ya utendaji ambayo wenye haraka huyaruka. Chuma husukuma jino polepole: mfupa wa taya humeng'enywa upande unaobanwa na kujengwa upya upande unaovutwa. Kazi hiyo huwezekana hata kwa mtu mzima, mradi fizi ziwe na afya, lakini inataka uangalizi wa mara kwa mara. Vyuma vikitolewa, meno hutaka kurudi yalikotoka, kwa hiyo mtu huvaa kishikizo kwa muda mrefu, mara nyingi usiku, miaka na miaka. Mimi mwakani huenda nikapata kazi Kalemie au Kolwezi, au nikakaa kijijini miezi mitatu na kinasa-sauti. Nani atanikazia waya? Kazi ya meno iliyoachwa katikati ni mbaya kuliko isiyoanzwa.

Wapo pia wanaoniambia niache kwa kuwa ndivyo Mungu alivyoniumba. Hao nao siwafuati. Mungu huyohuyo aliniumba na macho yasiyoona ubao, na hakuna aliyenikataza miwani. Mwenye meno yanayomzuia kutafuna, yanayouma fizi au yasiyosafishika kwa jinsi yalivyobanana, akilipa anafanya jambo la busara. Na asiye na shida yoyote ila anataka tu kupendeza, naye ana haki juu ya kinywa chake na fedha zake. Asichekwe darasani wala asihubiriwe Uafrika.

Mimi nimeamua kutolipa. Katika akiba yangu nimetoa dola 60, nikasafishwa ukoga na kuzibiwa jino moja lililoanza kutoboka, kwa sababu hilo lingekuwa pengo siku moja. Fedha zilizobaki zinakwenda Bunkeya. Baadhi ya wazee ninaowatafuta ni wa umri ambao hauningojei nimalize miaka miwili ya waya.

Kwa wahadhiri wetu nina ombi moja. Mwanafunzi anaposimama kutetea tasnifu yake, tusikilize hoja na matamshi, na likiwapo la kusahihisha katika sauti zake, lisahihishwe kwa jina lake la kifonetiki. Safu ya meno yake si sehemu ya mtihani. Na kwa wenzangu mnaopiga hesabu kama yangu: mkiamua kulipa, andikeni gharama hiyo mahali pake, chini ya mavazi na urembo. Msiiandike chini ya dawa, wala chini ya isimu.