Gofu la Roma, Kifusi cha Kariakoo

Wapo wasemao kwamba Dar es Salaam haina magofu ya kuchorwa. Magofu ni ya Roma. Hawajui Roma ilivyopata sifa hiyo. Piranesi (1720–1778) alichora kwa sindano juu ya bamba la shaba, tindikali ikala mistari, na uwanja wa kale uliokuwa malisho ya ng'ombe ukawa fahari ya Ulaya.

Kariakoo, nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele, ukumbi katikati na ua nyuma, huvunjwa ghorofa lipande, bila kuchorwa hata mstari mmoja. Gofu la mgeni hutundikwa ukutani; la mwenyeji hupakiwa kwenye lori.

Mji hukua, na si kila ukuta utadumu. Boma la Kale, la enzi ya Sayyid Majid, lingali limesimama karibu na bandari. Mengi ya rika lake yametoweka. Basi kibali cha kubomoa kisitolewe kabla nyumba haijapimwa na kuchorwa. Mji usiojichora huchorwa na wasiopata kuuona, kama Kilwa ilivyochapwa Cologne mwaka 1572.